Behewa la Maji

Tangu kiharusi kimpige, Februari, siku ya gulio,
baba yangu Lugusha, pointimani mstaafu wa stesheni ya Tabora,
hajui tena kikombe kinaitwaje.
"Nipe behewa," anasema. "Behewa la maji."
Nampa. Anakunywa.
Maji hayajawahi kulalamika.

Kitete, chumba cha mazoezi.
Nesi Ngolo ana kadi za picha.
Anainua ya kitanda: hii nini, mzee?
"Stesheni."
Ya mlango.
"Taa nyekundu."
Ya kuku.
Anakaa kimya, midomo inapapasa,
halafu anacheka peke yake: "Huyo hana tiketi."

Nesi anaweka mkasi, mkasi, mkasi, kwa kalamu nyekundu.
Kisha anatazama ukutani,
mshale mfupi umesimama juu ya kumi na mbili,
anasema, "Saa sita hiyo, dada, wahi dirisha la dawa,
foleni isije ikaota mkia."
Nilihesabu makosa yake. Hakuna aliyemwekea mkasi.
Mji mzima tunasoma kumi na mbili tunasema sita
na bado tunawahi mazishi.

Njiani kurudi Isevya nikaanza kujisikiliza.
Nilisema nasikia njaa. Kwa sikio lipi?
Asubuhi niliona baridi, nayo haikuwa na rangi.
Dereva wa bajaji alikuwa amekula hasara,
shemeji yake amekula kiapo mahakamani,
mwenyekiti kala fedha za kisima,
na kati ya hao watatu
mmoja tu ndiye aliyeshiba.
Simu tunaipiga. Pasi tunaipiga. Tunapiga hodi kwa watu wasiotukosea,
watoto tunaowapenda tunawapiga picha,
na kiharusi nacho kikaokota kitenzi hichohicho.

Nilipokuwa darasa la pili alinipeleka magharibi ya stesheni,
pale reli inapoachana, hii Mwanza, hii Kigoma.
Akauweka mkono wangu juu ya mtaimbo wa njia,
ulikuwa wa moto kama sufuria.
"Treni haichagui," alisema. "Inafuata chuma kilivyolazwa."
Nikavuta. Mahali fulani mbele, kitu kizito kikasogea upana wa kiganja.
Nilikojoa kwa hofu, naye hakumwambia mama.

Labda ndicho kilichomtokea.
Upana wa kiganja.
Neno limeondoka kuelekea kikombe
likaingia behewa,
na mzigo haukumwagika hata tone.
Au labda najifariji. Kuna usiku analia
kwa sababu hapati jina la chumvi,
na hapo hakuna reli yoyote, ni giza tu na sahani.

Juzi, nikimmenyea michembe, akageukia dirisha:
"Mpanda imechelewa leo."
Mama alikuja na treni ya Mpanda, mwaka wa njaa,
ana debe la karanga na kiatu kimoja.
Ana miaka tisa kaburini.
Nilifungua mdomo nimsahihishe
nikakuta sina pa kushika,
maana siku ile ya msiba ni sisi wenyewe,
tukiwa na akili zetu timamu,
tuliowaambia waombolezaji kwamba ametutoka,
kwamba ametangulia,
kama mtu aliyeshika dirisha la upande wa kivuli.
Nikasema, "Imetangulia, baba."
Akatikisa kichwa. Akala.

Leo, kabla ya taa kuzimwa, nikamuuliza,
na mimi je? Mimi ni nani?
Akanitazama muda mrefu. Midomo ikapapasa.
Nilitaka Kalunde. Ningeridhika hata na binti.
"Breki," akasema.

Nimeosha vyombo nalo neno hilo.
Kile kinachomzuia mtu asifike,
au kile kinachoshikilia mabehewa yote kwenye mteremko?
Hakufafanua, alishalala stesheni kwake.
Akaita tena usiku wa manane, breki, breki,
nikaitika.